Soriasisi ya kaka yangu imefunika mwili mzima: ni soriasisi kweli, ni mzio wa dawa, au ni jambo jingine?

#1 BintiLangoni

Assalamu alaikum wanajukwaa. Naomba mnisaidie kufikiri, kwa kuwa nyumbani tumeshindwa kuafikiana.

Kaka yangu ana miaka 46 na ni fundi wa majahazi Matondoni, kisiwani Lamu. Tangu mwaka 2011 ana soriasisi ya kawaida: mabaka yenye magamba meupe kwenye viwiko, magoti na kichwani, na kucha zenye vitobo vidogo kama kastabini. Hakuwahi kulazwa kwa ajili yake. Wiki 6 zilizopita mabaka yalizidi, akaenda kwenye duka moja la dawa akachomwa sindano na kupewa vidonge vya wiki 2. Kabla wiki haijaisha ngozi ilikuwa safi kuliko nilivyowahi kuiona tangu ujana wake. Kisha, yapata wiki mbili na nusu sasa, mwili ukaanza kuwaka kuanzia kifuani, na leo hapana mahali pazima isipokuwa pua na sehemu ya nyayo. Asubuhi tukikung'uta shuka tunazoa maganda kwa kizoleo. Miguu imevimba, na linalotutisha zaidi ni kwamba anatetemeka na kujifunika blanketi mchana wa kashkazi, wakati sisi wengine tunatafuta upepo barazani.

Maelezo tuliyopewa ni matatu. Mwenye duka anasema ni malaria iliyokutana na mzio wa pweza. Mama anasema ni kijicho, kwa sababu ya jahazi alilolimaliza mwezi uliopita. Jirani mmoja anasema ni soriasisi ileile iliyopanda. Je, soriasisi inaweza kumfunika mtu mwili mzima namna hii?

#2 Nahodha_Mstaafu

Inaweza, mwanangu, na mimi ni shahidi. Mwaka 2016 nilipewa vidonge vidogo vyeupe vya steroidi, dawa za kutuliza uvimbe na mwasho, kwa ajili ya soriasisi yangu. Nilipona kama niliyezaliwa upya, nikaviacha ghafla, na baada ya siku chache nikawa kama samaki aliyeparuliwa magamba nusu. Daktari aliniambia soriasisi hulala kwa steroidi, na zikiondolewa kwa ghafla huamka na hasira. Mlaumuni mwenye sindano.

#3 Muuguzi_Mokowe

Dada, mpelekeni hospitali leo, kisha mjadala uendelee. Hali unayoieleza huitwa eritroderma, yaani ngozi kuwaka na kubambuka kwenye asilimia 90 au zaidi ya mwili. Kukadiria ni rahisi: kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake ni takriban asilimia 1 ya ngozi yake yote, nanyi mkihesabu viganja vilivyobaki vizima havitafika kumi.

Ngozi iliyowaka hivyo ni kama nyumba iliyong'olewa makuti. Joto linatoka, ndiyo maana anatetemeka hata pasipo malaria. Maji yanatoka bila yeye kuona jasho. Protini inapotea kwa magamba hayo mnayoyazoa, na hiyo ni sababu mojawapo ya miguu kuvimba. Damu nyingi inakimbilia kwenye ngozi, hivyo moyo unafanya kazi kupita kiasi, na kwa mtu mzima au mwenye maradhi ya moyo unaweza kushindwa. Tena vijidudu vinapata mlango wa kuingia kwenye damu. Wapo wanaokufa kwa hali hii, nao hawafi kwa magamba. Wanakufa kwa hayo niliyoyataja.

Akikojoa kidogo, akichanganyikiwa, akihema, au akiwa na usaha au malengelenge, msisubiri hata mashua ya alasiri.

#4 Mwarobaini_Tosha

Hospitali mwende, sikatazi, lakini maji ya bahari ya Shela alfajiri na majani ya mwarobaini yaliyochemshwa yaliniondolea soriasisi ya miaka mitatu. Wazungu wenyewe husafiri mpaka Bahari ya Chumvi kwa tiba hiyohiyo.

#5 Mfamasia_Mkomani

Bwana Mwarobaini, jina lako limeshatangaza hukumu kabla ya ushahidi. Ni kweli kwamba wapo wanaokwenda Bahari ya Chumvi kwa maji na jua, na baadhi yao hupata nafuu, lakini hao wana mabaka, hawana eritroderma. Mtu aliyechanika mwili mzima ukimtia kwenye maji ya chumvi utamwongezea maumivu na ukavu, na jua kali linaweza kuiwasha soriasisi zaidi. Lami ya makaa ya mawe, ambayo ni dawa halali ya mabaka, nayo haifai wakati huu kwa sababu hiyohiyo ya kuchoma.

Kinachofaa ni kitu kizito, cha mafuta, kisicho na manukato: vaselini au malhamu nyeupe isiyo na dawa, mara kadhaa kwa siku. Mwili mzima wa mtu mzima hula nusu kilo kwa wiki au zaidi, kwa hiyo kile kichupa cha gramu 50 mnachonunua kitaisha siku ya kwanza.

Kuhusu sindano ningependa kujua jina lake, kwa sababu zipo steroidi za sindano zinazokaa mwilini wiki 3 hadi 4. Ikiwa ni mojawapo ya hizo, hesabu ya dada inakaa sawasawa: sindano wiki 6 zilizopita, moto ukaanza wiki ya nne, dawa ilipokuwa inakwisha.

#6 BintiLangoni

Ahsanteni. Tumempeleka kwa mashua mpaka hospitali ya mjini Amu (Lamu), amelazwa. Duka halikuandika jina la sindano popote, na mwenye duka anasema alimchoma "ya mzio" tu. Malaria imepimwa na haikuonekana.

Muuguzi wa zamu alitilia shaka kwanza kama ni eritroderma, kwa kuwa alisema ngozi si nyekundu. Je, ni lazima iwe nyekundu?

#7 Tabibu_wa_Malindi

Hapana, na hili linapoteza wagonjwa wengi wa kwetu. Wekundu unaoandikwa vitabuni ni wa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi, ngozi iliyowaka huonekana ya zambarau, kahawia iliyokolea au kijivu, wakati mwingine nyeusi zaidi ya kawaida tu. Tumia mgongo wa mkono: ngozi ni ya moto ilhali mwenyewe analalamika baridi.

Sasa niingie kwenye swali lenyewe, kwa kuwa naona wengi wamekwisha kumhukumu mwenye sindano. Eritroderma si jina la ugonjwa mmoja. Ni jina la mwisho wa njia nyingi. Soriasisi ni mojawapo ya njia zinazopitwa sana, ingawa wenye soriasisi wanaofikia hapo ni wachache, takriban 1 hadi 2 katika kila 100. Njia nyingine ni ukurutu wa muda mrefu, mzio wa dawa, upele wa magamba mazito (ule ambao mtu mmoja hubeba wadudu kwa maelfu na kuwaambukiza wadi nzima), saratani ya chembe za kinga iitwayo limfoma ya ngozi, na ugonjwa adimu unaoacha visiwa vya ngozi nzima katikati ya ngozi iliyowaka na kufanya viganja kuwa vya rangi ya machungwa na vigumu kama soli. Virusi vya UKIMWI vinaweza kuzidisha soriasisi ghafla, kwa hiyo kipimo hicho hufanywa kwa kila mmoja bila kumtuhumu mtu.

Kucha zenye vitobo na historia tangu 2011 zinaelekeza kwenye soriasisi. Hata hivyo mwenye soriasisi hakatazwi kupata ugonjwa wa pili. Ninauliza jambo moja: katika miezi miwili iliyopita alianza dawa gani nyingine yoyote? Ya kifafa, ya salfa, ya jongo, ya presha, au hata ya mitishamba?

#8 Fundi_Kalafati

Kabla dada hajajibu, nami ni wa kazi hiyohiyo, na ninashangaa hakuna aliyeuliza kuhusu kazi yake. Fundi anayemaliza jahazi hushinda na sifa, yaani mafuta ya papa, mikononi, na shahamu iliyochanganywa na chokaa anapopaka tumbo la chombo. Chokaa inakula ngozi. Mimi mwenyewe kila mwisho wa kazi ninatoka ukurutu mpaka kwenye viwiko. Kwa nini isiwe hiyo?

#9 Tabibu_wa_Malindi

Umeuliza vizuri, fundi, na ninakiri sikulifikiria. Kwenye soriasisi kuna jambo lililoelezwa na Mjerumani Heinrich Köbner katika karne ya 19: ngozi ikiumizwa, kwa mkwaruzo, kwa kuungua au kwa chokaa, soriasisi huota palepale kwenye jeraha. Kwa hiyo chokaa inaweza kuwa imeongeza mabaka yaliyompeleka dukani. Lakini mwasho wa kazini huanza kwenye mikono na sehemu zilizoguswa, naye ameanza kifuani. Labda alifanya kazi kifua wazi?

#10 Fundi_Kalafati

Unamjua fundi gani anayekalafati, yaani kuziba nyufa za chombo, na shati kashkazi?

#11 BintiLangoni

Kifua wazi, ndiyo, kila siku.

Na ninaogopa kuandika hili. Kidole gumba cha mguu kilimvimba, akaambiwa ni jongo, akapewa alopurinoli. Alianza yapata wiki 5 zilizopita na alikuwa akiendelea nayo mpaka alipolazwa.

#12 Mfamasia_Mkomani

Basi ninarudisha nusu ya niliyoyasema kwenye #5. Alopurinoli ni miongoni mwa dawa zinazojulikana sana kwa mzio mkali wa ngozi, nao kwa kawaida hauji siku ya kwanza, huja wiki ya pili hadi ya nane. Yeye alianza kuwaka kati ya wiki ya pili na ya tatu. Hesabu hii nayo inakaa sawasawa, na hapo ndipo penye taabu. Mwambieni daktari sasa hivi, na hiyo dawa asiimeze tena mpaka daktari aseme. Uso wake umevimba? Ana mitoki? Damu ikipimwa, waangalie ini, figo na zile chembe nyeupe za mzio.

#13 Nahodha_Mstaafu

Sioni kwa nini tutafute mchawi wa pili wakati wa kwanza ameshikwa. Mtu ana soriasisi, kapewa steroidi, zimekwisha, soriasisi imerudi. Mimi yalinikuta hayohayo wala sikuwa na jongo.

#14 Tabibu_wa_Malindi

Mzee wangu, tunatafuta kwa sababu tiba zinakwenda njia mbili zinazopingana. Ikiwa ni mzio mkali wa alopurinoli uliogusa ini au figo, madaktari wengi watampa steroidi za kumeza au za mshipa na kuzipunguza polepole kwa wiki nyingi. Ikiwa ni soriasisi, steroidi hizohizo ndizo zinazoogopwa, kwa kuwa zikipunguzwa moto unaweza kurudi mkubwa kuliko wa kwanza. Dawa moja, na jina la ugonjwa ndilo linaloamua kama ni maji au ni mafuta ya taa.

#15 Dada_wa_Ganda

Nichangie ya baba yangu, Mungu amrehemu. Huku Malindi alitibiwa soriasisi ya mwili mzima kwa karibu miaka miwili. Kinyama cha ngozi kilikatwa mara mbili na majibu yakaja kwamba ni "ngozi iliyowaka, sababu haijulikani". Mara ya tatu, alipokuwa na mitoki mikubwa kinenani na kwapani, ndipo ikaonekana limfoma. Sisemi kaka yako anayo. Ninasema jibu la kwanza la maabara lisifunge mlango.

#16 Tabibu_wa_Malindi

Pole sana, dada. Uliyosema ni kweli. Ngozi ikiwaka kupita kiasi alama za ugonjwa wa asili hufifia hata chini ya darubini, kwa hiyo ni desturi kukata vinyama 2 au 3 sehemu tofauti, na kurudia baadaye. Steroidi za nyuma nazo huvuruga picha. Mitoki hutokea pia kwenye eritroderma isiyo ya saratani, ila ikiwa mikubwa na migumu ichunguzwe.

#17 Mwalimu_wa_Faza

Ninaomba kuuliza kuhusu hilo jongo lenyewe. Mtu ana soriasisi miaka mingi, kucha zimeharibika, kisha kidole cha mguu kinavimba. Je, alipimwa lolote kabla ya kuambiwa ni jongo? Mke wangu alitibiwa jongo mwaka mzima, kumbe ulikuwa ugonjwa wa viungo wa soriasisi.

#18 Mfamasia_Mkomani

Maalim umetuzindua. Wenye soriasisi hadi karibu 3 kati ya 10 hupata ugonjwa wa viungo unaotokana nayo, na mara nyingi kidole kizima huvimba kama soseji, tena wenye kucha za vitobo ndio wanaoupata zaidi. Kinachochanganya ni kwamba wenye soriasisi pia huwa na asidi ya yuriki iliyopanda kuliko wengine, kwa hiyo kipimo cha damu peke yake hakitoshi kusema ni jongo. Huenda alopurinoli alipewa kwa ugonjwa asiokuwa nao.

#19 Mwarobaini_Tosha

Nyote mmeshindwa kuafikiana, halafu mimi ndiye niliyechekwa.

#20 Muuguzi_Mokowe

Umechekwa kwa bahari tu, mzee. Mafuta yako ya nazi tunayakubali yakiwa safi.

BintiLangoni, wakati wanatafuta jina, kuna yasiyongojea jina. Feni izimwe au igeuziwe ukuta, kwa sababu hapotezi joto tu, anakauka. Wapime joto lake, kiasi anachokunywa na mkojo anaoutoa, na uzito wake kila siku. Ngozi ipakwe malhamu, kisha avikwe kanga laini za pamba zilizoloweshwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, na juu yake kanga kavu, kwa muda watakaosema wauguzi; akianza kutetemeka zivuliwe. Mayai, samaki, maharagwe na maziwa apewe kwa wingi, maana protini inayotoka kwa magamba lazima irudishwe.

#21 Mfanyabiashara_wa_Mpeketoni

Mimi nilitumia methotreksati, kidonge kila siku, na nilipona. Mwulizeni daktari.

#22 Mfamasia_Mkomani

KILA SIKU? Ninaomba wasimamizi waliache chapisho #21 ili watu waone na hili liwe chini yake. Methotreksati ya soriasisi humezwa SIKU MOJA kwa wiki, siku ileile, pamoja na asidi ya foliki katika siku nyingine kama alivyoelekeza daktari. Waliomeza kila siku kwa makosa wametoka vidonda mdomoni, damu imeshuka, na wengine wamekufa. Haifai kwa mjamzito, kwa mwenye ini bovu wala kwa mlevi, na haichanganywi na dawa za salfa kama kotrimoksazoli.

#23 Mfanyabiashara_wa_Mpeketoni

Nimekwenda kutazama kasha. Ni kidonge cha asidi ya foliki nilichokuwa nikimeza kila siku, na ile nyingine Ijumaa tu. Samahani sana.

#24 Tabibu_wa_Malindi

Alhamdulillahi. Hata hivyo methotreksati ni ya mwendo wa punda: huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi. Kwa soriasisi inayowaka mwili mzima, siklosporini, miligramu 3 hadi 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ni ya mwendo wa mashua ya injini, lakini hupandisha presha na kuumiza figo, kwa hiyo vyote viwili hupimwa mara kwa mara. Asitretini ipo pia, na mwanamke akiitumia hatakiwi kushika mimba mpaka ipite miaka 3 baada ya kuiacha. Zipo na sindano mpya kama infliksimabu zinazofanya kazi haraka, ila bei yake ni ya kuuza jahazi, na kabla ya kuchomwa lazima kifua kikuu kitafutwe, kwa kuwa kilicholala kinaweza kuamka.

Hakuna hata moja kati ya hizo inayoanzwa kabla ya kujua kama ini na figo zimeguswa na alopurinoli.

#25 Mwalimu_wa_Faza

Naongeza neno moja kwa ajili ya mama wa mgonjwa, kwa kuwa kijiji kitaanza kusema ni ukoma. Soriasisi haiambukizi, na hata madaktari wa Ulaya waliichanganya na ukoma mpaka Ferdinand von Hebra wa Vienna alipozitenganisha mwaka 1841. Wakikataa kula naye sahani moja, waambieni hivyo. Ila ule upele wa kuambukiza sharti uangaliwe kwanza, kama alivyosema Tabibu kwenye #7.

#26 BintiLangoni

Narudi na habari. Amehamishiwa Mombasa kwa gari la wagonjwa kutoka Mokowe, nami niko naye. Ngozi ilikwanguliwa, wadudu wa upele hawakuonekana. Virusi vya UKIMWI hakuna. Protini ya damu iko chini. Chembe za mzio zimepanda kidogo, ini limepanda kidogo, figo nzima. Mitoki ipo kinenani, laini. Uso umevimba asubuhi tu. Vinyama viwili vimekatwa, na majibu yameandikwa kwamba yanaafikiana na soriasisi lakini hayauondoi mzio wa dawa.

Alopurinoli imesimamishwa. Kwa sasa ni dripu, malhamu na kanga zilizoloweshwa, na leo amelala usiku mzima kwa mara ya kwanza.

#27 Nahodha_Mstaafu

Yanaafikiana na soriasisi. Nilisema.

#28 Mfamasia_Mkomani

Hayauondoi mzio wa dawa. Nami nilisema.

#29 Fundi_Kalafati

Na chokaa hamkuipima. Dada, kaka yako ana sanduku la vyombo vya kazi; mafundi sisi hutia kila kitu humo, hata dawa. Mtume mtu afungue.

#30 BintiLangoni

Mdogo wetu amelifungua. Kati ya patasi na pamba ya kalafati amekuta bamba la prednisoloni, vidonge vya steroidi, lenye vidonge 9 vilivyobaki, kwa hiyo hakuvimaliza. Alipoona ngozi imesafika aliviacha. Amekuta pia kichupa kitupu cha sindano, lebo imeliwa na sifa na yanasomeka matarakimu tu ya tarehe ya kuisha.

#31 Muuguzi_Mokowe

Kichupa hicho kisitupwe. Kitumwe Mombasa kama kilivyo, kwa basi la kesho alfajiri.

#32 BintiLangoni

Kimekwisha kupakiwa. Daktari amesema atakilinganisha na vilivyomo kwenye duka la dawa la hospitali, na damu ya ini itapimwa tena Jumatatu kabla ya kuamua juu ya siklosporini.